Pai Isiyo na Mwenyewe

Pai ilikuwa juu ya meza ya chuma, katikati ya Avis Sugden na afisa wa ukaguzi, na mpaka wakati huo hakuna aliyekubali kuwa ni yake.

Ilikuwa pai ya nyama ya nguruwe, ya mviringo, ya kuwatosha watu sita, imefungwa kwa karatasi ya kuokea na juu yake foili. Saa nane na dakika hamsini mchana, kwenye ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Perth, mbwa wa kunusa aliketi mbele ya begi la Avis na akagoma kuondoka. Kwenye kadi ya kuingilia nchini, penye swali la vyakula na nyama, Avis alikuwa ameweka alama ya "hapana".

"Nakuuliza tena, mama," alisema afisa. Aliitwa Marchetti, mwanamke wa miaka kama arobaini, pua imebabuka kwa jua. "Hii pai ni yako?"

"Na mimi nakujibu tena. Si yangu."

"Begi je?"

"Begi langu."

"Ulilifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, jana, kabla ya chakula cha jioni. Sikuweka pai. Ningeiweka ningekumbuka, maana uzito wake ni kama tofali. Tangu asubuhi begi nimelivuta tu kwa magurudumu, wahudumu wa ndege ndio waliolinyanyua."

Kando ya ukuta alisimama Glenda Hainsworth, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa na miaka sitini na minane na goti moja bovu, na alikuwa sajini mpelelezi wa polisi mjini Bradford kwa miaka ishirini na minane kabla ya kustaafu. Walitaka kumzuia mlangoni. Akawaambia yeye ni shahidi, kwa kuwa alilala chumba kimoja na mtuhumiwa, na kwamba akizuiwa ataandika barua, tena ndefu. Wakamfungulia.

Wa nne chumbani alikuwa Lorna Birtwhistle, kiongozi wa msafara, na mwavuli wake wa njano ambao watu wake walikuwa wameufuata kama bendera tangu walipotoka Keighley, Uingereza. Walikuwa ishirini na wawili, wastaafu watupu, kwa safari ya siku kumi na tisa: Singapore siku mbili kunyoosha miguu, kisha Perth, Alice Springs, Cairns na Sydney. Ishirini na mmoja kati yao walikuwa wamekwisha pita. Wote, isipokuwa Glenda na Lorna, walikuwa nje ndani ya basi, injini inanguruma ili wapate ubaridi.

"Nikueleze mambo yalivyo," Marchetti alisema. "Nyama ya nguruwe ni marufuku kabisa. Ugonjwa ukiingia hapa, wafugaji wetu wamekwisha. Anayeificha hufutiwa viza palepale. Kuna ndege inarudi Singapore saa kumi na moja na dakika arobaini." Akasogeza karatasi mbele. "Lakini kuna hii fomu. Ukiandika kwamba ulisahau, kwa sababu ya umri, bosi wangu huwa anamaliza kwa faini. Siwezi kukuahidi. Ila huwa hivyo."

Lorna akainama sikioni kwa Avis. "Saini tu, kipenzi. Andika umesahau. Una miaka sabini na saba, nani atakulaumu? Basi halina ruhusa ya kukaa pale nje, na dereva ana saa zake."

Avis hakuitazama ile fomu. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, aliyefanya kazi ya kiwanda cha sufu mpaka kiwanda chenyewe kikafa, na hakuwahi kuolewa.

"Nilikuwa na miaka mitano walipompandisha kaka yangu meli kumleta nchi hii," alisema. "Clifford. Yeye alikuwa na minane. Wakati huo serikali yetu ilikuwa inawapeleka huku watoto waliolelewa kwenye makao, kama sisi, mamia kwa mamia, bila kumuuliza mtu. Nikamuuliza msimamizi, kaka yangu yuko wapi? Akaniambia sina kaka, nimeota. Nikamuuliza mchungaji. Akasema maskini mtoto amechanganyikiwa. Nimekuwa mkubwa nikaandika barua, wakanijibu hawana kumbukumbu, labda nimechanganya mambo. Miaka sabini, afisa. Mwaka juzi ndiyo ikaja barua yake. Yuko Fremantle, mapafu yamekwisha, na sasa daktari amempa wiki tatu. Kesho saa nne asubuhi naenda kumwona. Na siweki saini kwenye karatasi ya kusema sijui kilichomo kichwani mwangu."

Marchetti aliitazama pai. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye pai mezani.

"Sheria hainiulizi nani anamngojea nani, mama."

"Najua. Ndiyo maana sikuombi huruma. Nakuomba umtafute mwenye pai."

Glenda alisikia hasira ikimpanda tangu kwenye goti. Ilikuwa hasira nzuri, ambayo hakuwa ameipata tangu astaafu. Akasogea mezani.

"Naomba kuiangalia."

"Usiiguse."

"Sina haja. Ifungue hapo juu, na uikate kipande."

Marchetti alimtazama, akavaa glavu, akafunua foili na kukata kwa kisu cha plastiki. Chini ya ganda la unga ulikuwepo mchuzi ulioganda, safi, unang'aa kama kioo, na nyama ya waridi chini yake.

"Unaona hapo?" Glenda alisema. "Huo mchuzi ukipata joto unayeyuka, na ukiyeyuka ganda lote linalowa. Kwetu mtoto wa shule anakijua hiki kitu. Ganda hili kavu. Pai hii imetoka kwetu Yorkshire siku nne zilizopita na imelala kwenye friji siku zote mbili za Singapore."

"Basi imelala kwenye friji yenu."

"Friji yetu ilikuwa imekufa. Maziwa yetu ya chai yaliharibika usiku wa kwanza. Nililalamika mapokezi mara mbili, na Lorna mara tatu. Lorna, sema."

"Mara nne," Lorna alisema, kwa uchungu.

"Pai ingelala chumbani kwetu siku mbili, mbwa wako asingehitaji pua. Hata wewe ungeinusa kutoka nyumbani kwako."

Marchetti akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. "Hiyo hainitoshi. Inanionyesha tu kwamba kuna friji nyingine. Saa kumi na nusu nafunga faili. Niletee mwenye pai, aseme mwenyewe, nami nitasikiliza."

"Atakuja," Glenda alisema. Akamgeukia Avis. "Usisaini kitu."

"Kwani nimeshika kalamu?" Avis alisema.

Nje jua lilikuwa kali. Kabla ya kufika kwenye basi Glenda alimvuta Lorna kwenye kivuli cha nguzo.

"Huyo mwenye pai yuko ndani ya basi lako."

"Ni watu wazima, Glenda. Wengi wao wanaimba kwaya."

"Niambie, nani kasema chochote kuhusu kubeba chakula?"

Lorna alisita. "Desmond. Kule kwenye ndege alitembea viti vyote akijisifu. Anasema ana soseji sita ndani ya soksi, na hakuna mbwa wa Australia atakayemkamata."

Desmond Clegg alikuwa mgane wa miaka sabini, fundi bomba mstaafu, mtu wa mizaha kuanzia kifungua kinywa. Glenda alimkuta kiti cha mbele anawasimulia wenzake jambo. Akaketi kando yake bila kukaribishwa.

"Desmond, soseji ziko wapi?"

"Ahaa, sajini. Unataka moja?"

"Nataka kujua nani kamwekea Avis Sugden pai kwenye begi. Wanamrudisha nyumbani. Hatamwona kaka yake. Sasa cheka."

Desmond hakucheka. Uso ulimshuka, akaonekana mzee ghafla.

"Glenda, sina soseji. Sina hata moja."

"Ulitangaza ndege nzima."

"Nilitaka kuwachekesha. Ngoja." Akatoa mfukoni kipande cha kadi kinachobaki kwa msafiri baada ya ukaguzi. Nyuma yake, kwa mwandiko wa mtu mwoga, palikuwa na orodha: chai, biskuti, peremende za koo, asali pakiti mbili za hotelini, zimetupwa. "Nilitangaza kila kitu. Hata peremende. Yule kijana wa ukaguzi aliniambia sijawahi kuona mtu mkweli kama wewe. Usiwaambie hawa."

"Na begi lako?"

"Walilimwaga lote mezani, mpaka chupi. Ukitaka kamuulize."

Glenda alimwamini. Alikuwa amewahoji wezi wengi mahodari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona aibu kwa sababu ya ukweli wake. Dakika kumi zilikuwa zimepotea.

Akaenda nyuma ya dereva, mahali pa mabegi ya mkononi. Kabla ya safari kampuni iliwapa wote begi moja la buluu, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana watu ishirini na wawili wenye mabegi ishirini na mawili ya sura moja hawakosi kugombana. Lorna akaamuru kila mmoja afunge alama yake kwenye mpini. Kazi hiyo aliipokea Muriel Haigh, mke wa mzee wa kanisa, ambaye sindano za kufumia hazimtoki mkononi. Alimtengenezea kila mtu kishada cha sufu cha rangi yake: chekundu, cha zambarau, cha kijani cha majani.

Glenda alivipitia vishada kimoja kimoja. Akasimama kwenye cha njano.

"Lorna, hili begi la nani?"

"La Stanley, mume wa Muriel. Cha njano ni chake."

"Na la Avis lililo kule ndani, kishada chake ni cha rangi gani?"

Lorna alifikiri. "Njano."

"Mbona viwili?"

"Avis alichelewa kuomba. Unamjua, haombi mtu kitu. Muriel akasema rangi nyingine zimekwisha, imebaki njano, akampa hiyo. Jamani, Glenda, ni kishada tu."

"Leo asubuhi mabegi ya mkononi uliyapanga vipi, pale hotelini?"

"Kama kawaida. Saa moja kasoro robo yote chini, kwenye mstari, ukutani. Nahesabu, kisha ndipo watu wanaruhusiwa kunywa chai."

"Na akina Haigh walikuwa na ugomvi mapokezi."

Lorna akaguna. Ugomvi ule kila mtu aliusikia. Hoteli ilidai kwamba chumba namba mia nane kumi na nne kimekunywa bia zote za friji, mvinyo wote na chupa ndogo ndogo zote, na Stanley Haigh, ambaye midomo yake haijagusa kileo tangu abatizwe, alisimama mbele ya ukumbi mzima akitetemeka. Nusu ya msafara ilimwonea huruma na nusu nyingine ilifurahi mpaka Perth.

"Waliishia wapi?" Glenda aliuliza.

"Mhudumu alipanda kuangalia. Akazikuta chupa zote, hazijafunguliwa, zimesimama safu ndani ya bafu. Yakaisha. Stanley alisema hawezi kulala chumba kimoja na pombe ndani ya friji."

"Lakini kulala na pombe ndani ya bafu anaweza."

Lorna alishusha mwavuli.

"Mtu haondoi chupa ishirini kwenye friji ili azitie bafuni," Glenda alisema. "Anaziondoa ili apate nafasi. Halafu baada ya ugomvi Stanley alipanda tena chumbani, peke yake. Nilimwona anashuka. Amevaa koti la mvua, limefungwa mpaka kooni, kwenye joto la Singapore. Nikasema moyoni, mtu wa Yorkshire hawezi kuacha koti. Kosa langu."

Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Stanley na Muriel walikuwa viti vya katikati. Muriel alikuwa anafuma. Stanley, mrefu, mweupe kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, alikuwa na mkoba wa mkewe mapajani na anaupekua.

"Unatafuta nini, Bwana Haigh?" Glenda aliuliza.

"Miwani."

"Iko kifuani pako."

Stanley aliigusa. Hakusema asante.

"Naomba ushuke tuongee nje," Glenda alisema. Alitaka kumpa nafasi hiyo. Alikuwa akiwapa hata wezi.

"Chochote ulicho nacho kisemee hapa. Sina siri."

"Sawa. Chupa zenu kwa nini zilikuwa bafuni?"

"Nimekwisha lieleza hilo. Ni suala la imani."

"Ni suala la nafasi. Kitu gani kililala kwenye friji?"

"Maziwa."

"Maziwa hayahitaji friji nzima. Asubuhi ulirudi chumbani kuchukua nini?"

"Sikiliza, mwanamke. Mimi ni mzee wa kanisa miaka thelathini na moja. Nimeongoza mazishi ya nusu ya mji. Sitakaa hapa nihojiwe na mtu aliyekuwa akikamata walevi stendi ya Bradford."

"Walevi walikuwa wananijibu vizuri kuliko wewe. Ulishuka na kitu ndani ya koti. Mabegi yalikuwa kwenye mstari, Lorna amekwisha hesabu, watu wanakunywa chai. Ukaona kishada cha njano, ukafungua zipu, ukakitia, ukafunga. Hukujua kwamba kuna vishada viwili vya njano."

Sindano za Muriel zilisimama.

Watu wa mbele walikuwa wamegeuka kabisa, bila hata kuona haya.

"Stanley," Muriel alisema. Hakuwa amemkatiza mumewe mbele ya watu kwa miaka arobaini na tisa. "Uliniambia umeitupa."

"Muriel, nyamaza."

"Singapore. Leo asubuhi nilikuambia itupe, nimesoma kwenye kijitabu kwamba haivuki. Ukarudi ukaniambia umeitupa kwenye pipa la ukumbini. Ukaapa."

"Muriel."

"Ukaapa, Stanley."

Mzee wa kanisa alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye lango la wanaopokea wageni, mwanamume mnene mwenye kofia alikuwa amembeba mtoto mabegani na kulipungia basi mkono. Alikuwa Adrian, mtoto wao wa pekee, aliyehamia Perth miaka kumi na tisa iliyopita na kuzaa wajukuu ambao babu yao aliwajua kwa simu tu. Ratiba ya Lorna ilisema familia zitasalimiana hotelini, lakini Adrian hakuweza kungoja.

"Kila Jumapili kwenye simu," Stanley alisema polepole. "Kila Jumapili. Baba, hapa kuna kila kitu, hakuna pai ya nyumbani. Miaka kumi na tisa hajaniomba kitu kingine. Nikasema, mara moja tu maishani nimletee mwanangu anachotaka. Nani ataumia kwa pai?"

"Ulijua lini kwamba haiko kwenye begi lako?" Glenda aliuliza.

Stanley aligeukia tena dirishani.

"Lini?"

"Mbwa alipokaa."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake. Hatua tatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapita."

Neno hilo lilisikika mpaka kiti cha mwisho.

"Yeye watamsamehe," Stanley alisema kwa haraka. "Ni mzee, ni mwanamke, ataandika amesahau. Mimi nikienda watanirudisha. Nimeweka alama ya hapana kwenye kadi kwa mkono wangu mwenyewe. Wataniita mwongo."

"Si wewe ni mwongo?"

"Adrian yuko pale. Unamwona? Yule pale na mtoto."

"Namwona. Na Clifford Sugden yuko Fremantle kitandani, na Avis amekataa kusaini kwamba ana kichaa, kwa sababu ya pai yako. Umebakiwa na dakika kumi na tano. Nikitoka peke yangu nitakutaja, na nitataja koti na bafu na kishada. Ukitoka nami utajitaja mwenyewe. Nchi hii ina askari wa kutosha kuja kukuchukua mbele ya mjukuu wako. Chagua."

Stanley hakusogea. Muriel aliviringisha ufumaji wake, akautia mfukoni, akasimama. Alipita mbele ya magoti ya mumewe bila kumwomba njia.

"Mimi nakwenda kusema pai imetoka jikoni kwangu," alisema. "Unakuja au unabaki, hilo la kwako."

Alipofika mlangoni Desmond Clegg alimpa mkono ashuke. Kisha Desmond alirudi katikati ya basi, akasimama juu ya Stanley, wala hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Shuka, Stanley. Au nikubebe. Nimebeba mabafu mazito kuliko wewe."

Stanley Haigh akashuka.

Saa kumi na dakika ishirini na tatu waliingia wote kwenye chumba cha meza ya chuma. Fomu ilikuwa palepale, nyeupe. Avis alikuwa amekunja mikono kama alivyoachwa, na Marchetti alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho bila shaka alikuwa amemletea Avis, na ambacho bila shaka Avis alikikataa.

"Ni yangu," Stanley alisema.

Marchetti alimtazama mzee yule mrefu kuanzia viatu. "Watu wengi wenye roho nzuri wamewahi kuniambia hivyo, bwana, ili kumwokoa rafiki. Nitajuaje?"

"Hana roho nzuri," Glenda alisema. "Usijali kuhusu hilo."

"Igeuze," Muriel alisema. "Kila ninachofunga nakiandika tarehe kwa penseli, ndani, kwenye ile karatasi ya kuokea, upande wa chini. Mtoto wa mchinjaji aliniletea nyama asubuhi. Nimeandika Jumamosi, tarehe kumi na mbili, na herufi A, ya Adrian."

Afisa aliigeuza pai kwa mikono miwili. Akafunua foili, kisha akaibandua karatasi taratibu kwenye ganda. Maandishi yalikuwepo, madogo na yaliyonyooka, tarehe na herufi. Akamtaka Muriel aandike maneno yaleyale kwenye kipande cha karatasi, akayalinganisha, akapiga picha, akaandika namba kwenye mfuko. Halafu akaichukua ile fomu ya Avis na kuichana vipande viwili.

"Bwana Haigh, keti hapo. Ulitia nyama kwenye begi ambalo hukulikagua, ukadanganya kwenye kadi, ukamwona mwenzako akikamatwa ukapita. Hilo la mwisho si kosa la idara yangu, bahati yako. Bosi ataamua habari ya viza. Bi Haigh, wewe unaweza kwenda kumwona mwanao."

"Nitangoja hapa," Muriel alisema. "Lakini sitakaa karibu naye."

Stanley aliketi kwenye kiti alichoinuka Avis. "Avis," alisema. "Nisamehe."

Avis alikuwa anavaa koti lake, kitufe baada ya kitufe.

"Niulize keshokutwa," alisema. "Kesho nina shughuli."

Lorna alikuwa amekwisha utoa mwavuli wake kwapani. "Haya, twende, twende, dereva atatuacha."

"Bado," Marchetti alisema. "Kadi ya kwanza inabaki kwenye faili. Lazima nimjazie nyingine, ndiyo aingie." Akatoa kadi mpya. Lorna, ambaye kazi yake ni kujaza kadi za watu, alinyoosha mkono. Avis alimtazama tu, na mkono ukarudi.

Marchetti alisoma maswali kwa sauti ile ya mtu anayeyasoma mara mia tano kwa siku. Jina. Pasipoti. Nyama, mimea, mbegu. Hapana, hapana, hapana. Hoteli. Sababu ya safari.

"Una ndugu wowote hapa Australia?"

"Ninaye."

"Sawa." Aliweka alama, akataka kwenda swali linalofuata.

"Andika jina lake," Avis alisema.

"Haihitajiki, mama. Kadi haina hata nafasi. Alama inatosha."

"Nimeambiwa na serikali kwa miaka sabini kwamba hayupo. Andika."

Glenda, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, alikiachia. Marchetti alimtazama yule mwanamke mdogo kwa muda, kisha akaigeuza kadi ubavu, penye ukingo mweupe ambapo hakuna anayeandika.

"Jina."

"Clifford Sugden."

Aliliandika. "Uhusiano?"

"Kaka."

Marchetti aliandika hilo pia. Avis aliinama mezani akaifuata kalamu kwa macho mpaka herufi ya mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Sasa nipe pasipoti yangu," alisema.